Mpimaji wa Ngata

Mtu wa kwanza kumcheka Sefania Kiwele baada ya kukamatwa alikuwa Leokadia Mapunda, na serikali ilimlipa mshahara kwa kazi hiyo.

Alimkuta ameshafungwa kwenye kiti katika chumba cha upimaji cha Lugema, mikono yake mipana ya useremala imelala juu ya mapaja. Dirishani kulikuwa na ukungu wa asubuhi, ule wa nyanda za juu unaoingia mpaka ndani ya soksi. Leokadia akamvika ngata kichwani, akaikaza nyuma ya masikio, akarudi hatua moja kumtazama.

Ngata ilikuwa pete ya nyuzi za shaba iliyofunikwa kitambaa cheusi. Kwenye nyaraka za serikali ilikuwa na jina refu ambalo hata waliolibuni walikuwa wamelisahau. Watu walipoiona mara ya kwanza imekaa utosini mwa mtu kama ile ya kubebea ndoo, waliiita ngata, na jina likashika. Mbele yake, juu kidogo ya paji la uso, kulikuwa na taa ndogo ambayo aliyeivaa hakuweza kuiona. Taa ikibaki nyeupe, mtu anarudi nyumbani kwake. Ikiwaka nyekundu, anapelekwa nyuma ya jengo, kwenye ukuta.

"Kiwele," alisema Leokadia, akivuta kiti. "Mhehe wewe. Nimesikia mbwa wa mtaani kwenu walifanya sherehe ulipokamatwa."

Sefania akainua macho. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, uso wake una vumbi la mbao ambalo hata rumande haikulitoa. "Na wewe mwenzangu ni wa wapi?"

"Mngoni. Mapunda."

"Ahaa." Mzee akajinyoosha kadiri kamba zilivyomruhusu. "Kumbe nimeletewa mtani. Karibu, mtani. Babu zenu walikimbia kutoka kusini mpaka wakasahau wanamkimbia nani. Pole na safari."

Leokadia alikaribia kucheka, akajizuia kwa nguvu. Hakuja kucheka na mtu huyu. Alikuja kumwona anawaka.

Kazi ya mpimaji ilikuwa uchokozi. Hapo mwanzo uchokozi ulifanywa na kompyuta, iliyosoma matusi dhidi ya Mungu kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na washukiwa wengi walisinzia. Ndipo mtu mmoja wizarani akakumbuka watani. Mtani anajua pa kugusa. Mtani anaingia msibani watu wanalia, anamwiga marehemu alivyokuwa anakoroma, anaruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, na hakuna anayemnyanyulia mkono. Bibi yake Leokadia alikuwa maarufu kwa hayo. Inasemekana kuna misiba iliyocheleweshwa kwa kumsubiri yeye. Chama cha Mchana kilipoingia madarakani kilipiga marufuku matanga, arobaini na vichekesho vya makaburini, kwa kuwa vyote ni ushirikina. Kisha kikawachukua watani kiliowanyima kazi, kikawapa vitambulisho, kikawaita wapimaji.

Ngata yenyewe haikusoma mawazo, ingawa watu wa mitaani waliamini hivyo. Ilisoma njia. Mtu akiguswa pabaya, hasira huzaliwa ndani yake na kuanza safari kuelekea mkononi. Kwa watu wengi hukutana na mlango katikati, ikasimama pale kama ng'ombe zizini, ikapumua na kutulia. Kwa wachache mlango umeondolewa. Hao ndio taa iliwawakia nyekundu, na hao, kwa mujibu wa Mchana, ndio waliokuwa wakitega mabomu kwa jina la Mungu.

Na mabomu yalikuwa kweli. Jeshi la Ahadi lilikusanya watu wa kila dini waliogombana juu ya kila kitu isipokuwa juu ya nani auawe. Walichoma shule, walilipua masoko. Wiki iliyopita walilipua Ukumbi wa Mchana hapahapa Lugema, vijana wakiwa mkutanoni. Bomu lilikuwa chini ya benchi, benchi lilitoka karakana ya Sefania Kiwele, na Sefania alijulikana kwamba anafundisha kwaya ya siri huko Mtaa wa Kengele, walikokaa waumini. Kengele yenyewe ilikwisha yeyushwa zamani.

Kati ya waliokufa alikuwemo Kasian Mapunda, mdogo wake Leokadia, kijana ambaye yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alizikwa kwa muda wa kunywa chai, bila wimbo, kama sheria ilivyotaka. Leokadia hakulia. Alijiambia kwamba atalia siku atakapoiona taa nyekundu kwenye kichwa cha aliyehusika.

Kwa hiyo asubuhi ile alimchokoza mzee kwa ustadi wake wote. Alimtukania Mungu wake. Alimwigia maombi yake. Aliwaita wanakwaya wake kuku wanaotaga. Sefania alijibu tusi kwa tusi, na mara mbili alicheka kwa moyo. Leokadia akaacha mzaha. Akamwambia kwamba mke wake aliyekufa sasa ni udongo wa kufinyangia vyungu, na kwamba kule anakodhani atakutana naye hakuna mtu.

Macho ya mzee yalijaa maji.

"Hilo umelitoa mbali, mtani," alisema. "Umenipata."

Taa ilikuwa nyeupe. Haikutikisika hata kidogo.

*

Kamishna Idrisa Ndauka alikuwa amesimama nyuma ya kioo muda wote. Aliingia bila kubisha hodi. Watoto wake walifia katika shule iliyochomwa na Ahadi, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiketi kula. Wengi walimwogopa. Leokadia alimheshimu, maana yeye angalau alijua anachochukia na kwa nini.

"Mashine mbovu hiyo," alisema Kamishna.

"Haina ubovu, Kamishna. Nimeikagua mwenyewe."

"Basi ionje."

Kuonja ngata ilikuwa desturi ya wapimaji. Ikishukiwa, huvalishwa kwanza kichwa kisicho na mashaka, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya mgeni. Leokadia akamvua mzee ngata ili ajivike, lakini Kamishna akaichukua yeye.

"Nitaionja mimi. Mimi ndiye ninayeishuku."

Akaketi. Leokadia akamkazia ngata, akaanza kumsomea matusi ya kawaida dhidi ya Mungu, mitume na vitabu. Kamishna akapiga miayo. Taa nyeupe.

"Umeona?" alisema Leokadia. "Nzima."

"Kwangu lazima iwe nzima. Mimi sina Mungu wa kutukanwa."

Hapa ndipo ulimi wa mtani ulipomponza. Alikuwa amechoka, ameshindwa, na mtu kamwachia mlango wazi. "Unaye, Kamishna," alisema. "Anaitwa Mchana. Na sadaka yake kubwa kuliko ya huyu mzee. Kila mwaka unawafukua watoto wako unawapandisha jukwaani, wakupigie kampeni."

Kamishna hakusimama wala hakupaza sauti. Mkono wake wa kulia tu ndio ulikuwa umefika kwenye bastola, umeishika, na kidole kimekwisha jua kazi yake. Na juu ya paji lake la uso taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto.

"Usirudie tena maneno hayo," alisema polepole.

"Samahani, Kamishna. Ni mazoea ya kazi." Leokadia alimvua ngata haraka, akaigeuzia taa kifuani mwake mpaka ilipozimika. Kamishna hakuwa ameona kitu. Kwenye kiti cha pili, Sefania Kiwele alikuwa ameona kila kitu, na alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Hilo Leokadia alilijua tangu utotoni, na bado alikuwa hajawahi kulifikiria kuhusu ngata. Sasa alilifikiria.

Ngata ilifundishwa kwa vichwa vya watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa walipuaji waliokuwa gerezani. Wa pili walikuwa wanachama wa Mchana. Wote walisomewa matusi yaleyale, na yote yalikuwa matusi dhidi ya Mungu. Walipuaji wakawaka, wanachama wakapiga miayo, na wataalamu wakaandika kwamba kifaa kimethibitishwa. Hakuna aliyewaza kumtukania mwanachama kile anachokipenda yeye. Nyani haoni kundule. Na wapimaji nao, tangu hapo, walikuwa wakivuka matusi ya Mungu na kuingia kwa mama za watu, wake zao na marehemu wao, mpaka taa iwake, kisha wakiandika kwamba imewaka kwa ajili ya dini.

Kamishna alimvuta pembeni, mlangoni.

"Nisikilize. Saa nane tunampima uwanjani, mubashara, nchi nzima inatazama. Vijana wetu wameshajaza madumu ya petroli. Wakikosa mtu, wataingia Mtaa wa Kengele, na mimi sina askari wa kuwazuia. Unajua kule kuna watoto wangapi?"

"Najua kuna wengi."

"Basi shusha kizingiti. Kishushe mpaka hata chafya iwake nyekundu. Mzee mmoja kwa mtaa mzima. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Na kama si yeye aliyetega?"

Kamishna alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza Leokadia aliona kwamba mtu huyu hakuwa amelala. "Mimi sikukuuliza kama ni yeye," alisema. "Aliyekufa ni ndugu yako, Leokadia. Nilidhani kwako hili lingekuwa jepesi."

*

Walipoachwa peke yao, Leokadia aliifungua ngata juu ya meza na kuchukua bisibisi. Kizingiti kilikuwa skrubu ndogo upande wa ndani. Robo ya mzunguko ingetosha.

"Umeona asubuhi," alisema bila kugeuka.

"Nimeona," alijibu Sefania.

"Utawaambia?"

"Nimwambie nani, na mimi nimefungwa kwenye kiti? Halafu nikisema, Ahadi wataimba. Watasema, tazameni, kumbe wauaji ni makafiri. Watakuja na panga zao kwa furaha. Nawajua wale. Walinichapa viboko kwa sababu kwaya yangu inaimba na wanawake mbele."

Leokadia aliishika bisibisi lakini hakuizungusha. Alitamani mzee huyu awe muuaji. Alilitamani hilo kama mtu anavyotamani maji, na kila alipomtazama tamaa hiyo ilipungua, na badala yake kilikuja kitu kibaya zaidi. Kama huyu hakuwa yeye, na kama ngata haikupima walichodai inapima, basi wale wote aliowapeleka ukutani walikuwa akina nani? Wengine bila shaka walikuwa wauaji. Aliwakumbuka wengine ambao hakuwa na hakika nao, na akaacha kuwakumbuka.

"Ulimjua ndugu yangu?" aliuliza ghafla. "Kasian."

Mzee akatazama mikono yake. "Nilimjua."

"Ulimjulia wapi?"

"Lugema mji mdogo, mtani."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Lakini walinzi walikuwa wanakuja koridoni. Leokadia akaurudisha mfuniko wa ngata na kuufunga. Skrubu ilikuwa palepale ilipokuwa. Hakuwa ameamua kuiacha. Alikuwa tu hajaweza kuigusa, na muda ukaisha.

*

Uwanja wa soko ulikuwa umejaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Waliokaa mbele walikuwa Vijana wa Mchana, wamevaa mashati ya njano, madumu yako katikati ya miguu yao, na harufu ya petroli ilifika mpaka jukwaani. Nyuma kabisa, karibu na barabara ya kwenda Mtaa wa Kengele, walisimama watu waliojifunika vitenge na makoti, wakiwa wamekuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Juu ya jukwaa ilining'inia skrini kubwa, na ndani yake kichwa cha Sefania kilikuwa na ukubwa wa nyumba.

Leokadia alimpima. Alifanya kazi yake kwa haki, hakumhurumia. Alirudia hata lile la mke wake, mbele ya umati, na aliona aibu ikimpanda shingoni alipolisema. Mzee alilia waziwazi. Taa ilibaki nyeupe.

Minong'ono ikaanza, ikageuka kelele. "Mbovu hiyo," watu walipiga kelele. "Tupeni sisi, tutampima wenyewe." Dumu moja likainuliwa juu ya vichwa, kisha jingine. Mtu akasema Mtaa wa Kengele, na jina hilo likapita mstari kwa mstari. Huko nyuma wale wenye vitenge wakaanza kurudi kinyumenyume.

Kamishna alimsogelea Leokadia. "Hukukishusha," alisema kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Umewaua, basi. Wote."

Aliamini alichosema, na huenda alikuwa sahihi. Kulikuwa na njia moja ya kuuokoa mtaa ule bila kumuua mzee, na njia hiyo ilipita juu ya kichwa cha Kamishna: angesimama aseme alichokiona asubuhi. Lakini nani angemwamini? Na wangemwamini, Ahadi wangeshuka milimani kuja kumalizia. Tusi lolote kwa mtu mwingine lingekuwa petroli nyingine. Alibaki na kichwa kimoja tu ambacho alikuwa na ruhusa ya kukitumia.

Akachukua kipaza sauti. "Ngata ikishukiwa huonjwa," alisema. "Ndiyo sheria yetu. Mimi ni mwanachama. Siamini Mungu, sijawahi, na ndugu yangu amekufa ukumbini. Kuna mwenye kukishuku kichwa changu?"

Leokadia akamvua mzee ngata, akajivika mwenyewe, akaketi kiti cha mkabala. Akamshikia Sefania kipaza sauti mdomoni.

"Mtani. Nichokoze."

Sefania alimwelewa mara moja, na uso wake ukabadilika. "Sitaki. Nikikuweza watakupeleka ukutani."

"Ndugu yangu amezikwa bila mtani. Amefukiwa kimyakimya. Mhehe gani wewe, unakuja msibani mwangu mikono mitupu?"

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imepanda, ile ya watu wanaosimama kando ya kaburi na kuwafanya waliao wacheke kwa hasira.

"Kasian Mapunda," alisema. "Huyu mnayemwita shujaa. Mngoni mwenye sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Alikuwa anakuja kwenye kwaya yangu, kupitia ghala la mahindi, anaimba besi. Alipoanza kuimba, panya wa ghalani walihama."

Kuna waliocheka, wakaona wamecheka peke yao, wakaacha.

"Nikamwuliza, kijana, wewe huamini, umefuata nini hapa? Akasema, kwetu kuna hotuba, nyimbo hakuna. Miezi yote ile hakuamini hata chembe. Nilimvumilia kwa sababu alikuwa anabeba mabenchi."

"Muongo," alisema Leokadia.

"Siku ile ukumbini alilibeba benchi langu yeye mwenyewe. Alijitolea. Akalikalia." Sauti ya Sefania ilikatika, akaikaza tena, maana mtani akianza hana ruhusa ya kuishia njiani. "Na kila alipotoka kwangu alikuwa anachungulia mlangoni kama mwizi wa kuku. Nikamwuliza, unamwogopa nani, Ahadi? Akasema Ahadi wana nini. Namwogopa dada. Dada akijua atanivika ngata. Umesikia, mtani? Mtoto uliyemlea kwa mikono yako alilala nyumba moja na wewe akikuogopa kuliko bomu."

Leokadia hakukumbuka kusimama. Alichokumbuka ni kipaza sauti kikianguka na kunguruma, na shingo ya mzee ndani ya mikono yake, ngozi yake laini na ya moto, na dole gumba likitafuta mahali pa kubonyeza. Hakuna kitu ndani yake kilichosema subiri. Walinzi wawili walimvuta, na hata walipomvuta bado vidole vilikuwa vimekunjika.

Kisha aliiona skrini. Mwanamke mwenye ukubwa wa nyumba, nywele zimemtimka, na kwenye paji la uso wake taa nyekundu ambayo haikutaka kuzimika.

Sefania alikohoa, akavuta pumzi, akakohoa tena. Alikuwa hai. Leokadia akaona haya ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, na bado alikiokota kipaza sauti.

"Mmeiona," alisema. "Sina Mungu mimi. Nina ndugu yangu." Akamgeukia kijana mmoja wa mbele. "Wewe uliyeinua dumu. Wewe una nini? Njoo nikuchokoze."

Kijana wa shati la njano alitazama huku na huku. Hakuja. Wenzake nao hawakumtazama. Kila mmoja alikuwa ameingia ndani ya moyo wake kutafuta kile ambacho kikiguswa mbele ya watu kitamwasha, na usoni mwao ilionekana kwamba wengi wamekipata. Dumu likashuka polepole. Halikwenda mbali, lilikaa palepale katikati ya miguu, lakini lilishuka.

Walinzi walimsimamia Leokadia kila upande, wakisubiri amri. Sheria ilikuwa wazi na wote waliijua. Kamishna Idrisa Ndauka alikuwa ameishika bastola yake tangu dumu la kwanza lilipoinuliwa. Sasa aliutazama mkono wake ulioishika. Kisha akapeleka mkono wa kushoto kwenye paji la uso wake mwenyewe, akaligusa, pale ilipokuwa taa asubuhi, akamtazama Leokadia kwa macho ya mtu anayeuliza. Leokadia hakuyakwepa. Kamishna akapata jibu lake.

Akisema ngata ni nzima, ilimpasa ampeleke mpimaji wake ukutani na kumfuata. Akisema ni mbovu, ilimpasa awajibu wote waliokwisha pelekwa.

"Mfungueni yule mzee," alisema mwishowe, sauti ikiwa kavu. "Taa yake ilikuwa nyeupe." Kuhusu Leokadia hakusema kitu.

Ndipo mwanamke mmoja alipotoka huko nyuma, kwa wale wa Mtaa wa Kengele. Alikuwa mtu mzima, amejitanda khanga mbili kwa sababu ya baridi. Alipita katikati ya mashati ya njano, nao wakampisha bila kuambiwa. Alipanda ngazi za jukwaa akijishikilia magoti. Walinzi walimtazama Kamishna, Kamishna akatazama chini.

"Mimi ni mama yake Anselmi," alimwambia Leokadia, si kwa ukali. "Anselmi Ngimbudzi. Mwaka jana, wakati wa mvua. Ulimpima wewe."

"Shikamoo, mama," alisema Leokadia, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Waliniletea shati lake, wakasema amewaka. Nikasema sawa, labda mtoto alikuwa na mambo ambayo mimi siyajui. Watoto wana mambo yao. Leo nimeona unavyofanya, nikasema nije niulize." Akavuta khanga. "Ulimwambia nini mpaka akawaka?"

Leokadia alikuwa anamkumbuka. Alikuwa anawakumbuka wote. Anselmi alikuwa kijana mrefu mwenye pengo, fundi baiskeli. Kwa Mungu hakuwaka, kwa mitume hakuwaka, na ilikuwa jioni na yeye alitaka kwenda nyumbani kumpikia Kasian.

"Nilimwambia umekufa, mama," alisema. "Nilimwambia umeanguka barabarani, watu wakakuruka, hakuna aliyekufunika hata kitambaa."

Mama huyo akaishika khanga kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa unatembea bila sauti, kama mtu anayejaribu kupanga jambo lisilopangika. Umati mzima ulimsubiri.

"Na kabla hawajampeleka ukutani," aliuliza, "kuna mtu alimwambia kwamba mimi ni mzima?"

Leokadia alitamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, kuliko hata alivyotamani ile taa nyekundu asubuhi.

"Hapana, mama," alisema. "Hakuna aliyemwambia."